Mlima Uliopanda Kwenye Karatasi ya Papa Musonda

Vijana wa chuo cha Kasapa hunijia hapa nyumbani, mtaani Kamalondo, simu mkononi, wakaniwekea tangazo la nafasi ya masomo ya udaktari mbele ya miwani. "Papa, ona. Banatafuta muntu wa kufanya doctorat mu éléments finis. Nitume barua?" Tuma, mwanangu. Tuma hata mbili. Lakini mkishanisomea tangazo mnataka kuondoka mbio, na mimi bado sijamaliza. Kaeni. Mzee wa pensheni hana mkutano unaomngoja.

Ninyi mnadhani jambo gumu ni kuipata nafasi. Mimi nimehesabu miamba karibu maisha yangu yote, chuoni na kwenye kampuni ya shaba, na ninachokishukuru zaidi si ile shahada iliyoning'inia sebuleni. Nashukuru kwamba hakuna mtu aliyekufa kwa karatasi yangu. Kuna wiki moja niliamini wapo watakaokufa. Hadi leo nikiikumbuka napumua kama mtu aliyetua gunia la makaa.

Kwanza mjue tulivyofanya kazi, maana mtanicheka mahali pasipostahili kicheko. Éléments finis ni kazi ya mtu asiyeweza kumeza mkate mzima. Unauchukua mlima, unaukata kwenye karatasi kuwa vipande vidogo vya pembe tatu, na kila kipande unakiuliza: unabanwa kiasi gani, unavutwa kiasi gani? Majibu unayaunganisha. Leo kompyuta yenu inakata vipande hivyo kabla hujamaliza chai. Sisi tulivikata kwa rula na penseli, kila pembe tukaipa namba kwa mkono. Namba zenyewe zilikuwa na adabu yake: vipande vinavyogusana lazima namba zao zikae karibu, la sivyo kumbukumbu ya mashine inajaa. Ni kama kupanga wageni kwenye karamu ya arusi. Wanaoongea pamoja wakae meza moja, usimlazimishe mtu kupiga kelele toka upande hadi upande.

Halafu zilikuja kadi za kuilisha mashine. Kila mstari wa hesabu ulikuwa kadi moja ya karatasi ngumu, imetobolewa matundu. Waliotoboa walikuwa akina mama wa chumba cha mashine cha kampuni, na mkuu wao alikuwa Mama Ngalula, mwanamke wa Kasai mwenye vidole vyepesi na subira fupi. Siku ya kwanza nilimpelekea karatasi zangu ndani ya katoni iliyowahi kubeba samaki wakavu wa Kasenga, maana ndiyo katoni ngumu niliyoipata nyumbani. Akaisukuma kwa kidole kimoja. Enzi zile serikali ilitaka kila mtu aitwe citoyen, yaani mwananchi, nami nilikuwa assistant, msaidizi wa kufundisha chuoni.

"Citoyen Assistant, hii ni calcul ao ni mboga?"

"Ni hesabu, Mama."

"Basi peleka nje, ipigwe mupepo kwanza. Na kadi zikiisha kutoka, uchore mustari wa wino pa mugongo yabo, toka kona hii mupaka kona ile. Siku utaangusha, utajua kuzipanga. Na utaangusha."

Niliziangusha, kwenye ngazi, wiki ileile. Ule mstari wa wino ulioenda mshazari juu ya rundo ndio ulioniokoa: kadi isiyokaa mahali pake ilionekana mara moja. Nilijifunza kwa Mama Ngalula kabla ya profesa yeyote kwamba kazi nzuri inaanza kwa kujiandaa kwa ujinga wako mwenyewe.

Sasa nafasi. Chuoni ilikuwepo nafasi moja tu ya udaktari katika hesabu za namna hii, chini ya Profesa Mwepu, mtu mkavu aliyetembea na chaki kwenye mfuko wa abacost, suti ya enzi zile isiyo na tai, hata siku ya sikukuu. Tuliomba wawili. Mwenzangu alikuwa na maksi nzuri kunizidi, naye alijua hivyo, nami nilijua anajua. Profesa akatuita, akasema hataki barua za kumsifu mtu, anataka saini ya mhandisi. "Kila moja aniletee hesabu moja yenye ingenieur wa kweli ameitia saini, kwamba ataitumikisha. Muko na muda mupaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi."

Mwenzangu alichukua daraja. Mimi nilichukua mgodi, kwani marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kutegemeza dari kwa mbao chini ya ardhi, na mgodi niliujua kwa masimulizi kabla sijajua kusoma. Mgodi wenyewe hamna haja ya jina lake. Kule chini walikuwa wameacha nguzo ya mwamba kati ya vyumba viwili, na walitaka kupanua chumba kimoja, yaani kuipunguza nguzo unene ili wapate madini yaliyomo. Mkuu wa ofisi ya miamba, Shefu Kabamba, alinipa vipimo. Swali lilikuwa moja: nguzo ikipunguzwa, je, itaubeba mlima, na dari ya chumba itakaa juu ya vichwa vya watu?

Nikakata mlima vipande. Mama Ngalula na wenzake wakatoboa. Mashine ikanguruma, ikatapika karatasi ndefu ya namba. Nikazisoma: nguzo inabanwa, lakini kwa kiasi ambacho mwamba ule unakiweza. Dari inavutwa kidogo, inavumilia. Itakaa. Niliandika ripoti, nikaipiga taipu mwenyewe, nikaipeleka ofisini kwa Shefu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiita daktari mbele ya kioo.

Kilichobaki kilikuwa picha ya kuipamba ripoti mbele ya Profesa. Hapa ndipo anapoingia Papa Musonda, mchoraji wa ramani, mwenye mkono uliotulia kuliko wote niliowaona. Mashine ilikuwa pia imetoa namba za kuonyesha kila pembe ya mlima imesogea wapi chini ya uzito wake. Ni misogeo midogo, haionekani kwa macho, kwa hiyo mchoraji huikuza mara nyingi ili mtu aone mlima unavyokaa. Sikuwa nimeziangalia namba zile. Nani aangalie, na nguzo imeshasema inabeba? Nilimpa Papa Musonda orodha yote, akafanya kazi siku tatu.

Jumatatu asubuhi akaniita, akaitandaza karatasi juu ya meza, akaipangusa vumbi la kifutio kwa kiganja.

"Nimefuata namba zako zote," akasema. "Hakuna hata moja nimesahau. Utaniambia paka asante tu."

Ilikuwa kazi safi kabisa. Na mlima ulikuwa umepanda juu. Uso wa ardhi ulivimba kuelekea mawinguni, nguzo imerefuka, sakafu ya chumba inavutwa kuelekea dari. Mlima mzima wa mawe ulikuwa unataka kwenda mbinguni kwa uzito wake.

Nikamwambia asante. Sauti ilitoka ndogo mno, akadhani sijapenda rangi ya wino.

Kosa nililiona palepale, na ni kosa ambalo hata tarishi wa ofisi asingelifanya. Mgodini kila kitu huhesabiwa kuanzia juu kwenda chini. Kina kikiongezeka, namba inaongezeka. Baba alikuwa akisema "leo tulikuwa mia tatu," na mimi mdogo nilijua mia tatu ni chini zaidi ya mia mbili. Nami niliipa mashine pembe zangu vivyo hivyo, kimgodi. Lakini uzito niliupa kama kitabu kinavyofundisha, na vitabu vinahesabu kwenda juu. Kwa kitabu, uzito ukishuka unaandikwa kwa alama ya kutoa. Mashine ikachanganya chini ya mgodi na chini ya kitabu, ikaelewa kwamba uzito wa mlima unavuta kuelekea mbinguni. Haikubisha. Mashine haijui mlima ni nini.

Na ripoti yangu ilikuwa mezani kwa Shefu Kabamba tangu wiki moja. Wiki nzima. Kama waliisoma, kama waliiamini, basi watu wanatoboa nguzo saa hiyo, chini ya dari niliyoihesabu kichwa chini miguu juu. Sikufikiria nafasi ya udaktari hata kidogo, na sisemi hivi ili mnione mwema. Hofu ilikuwa imejaa, haikubakiza mahali pa kitu kingine. Nilipanda lori la wafanyakazi la saa nne, nimesimama nyuma, nikihesabu watu wa zamu moja ni wangapi.

Nilipofika, ofisi ilikuwa tupu. Milango wazi, viti tupu, feni inazunguka peke yake. Nikasikia ngoma. Ninyi hamkuijua animation, basi niwaambie: mkubwa wa chama akija kutoka Kinshasa, wafanyakazi, kuanzia mfagiaji hadi mhandisi, walitolewa kazini kujifunza kucheza na kuimba sifa za chama. Walikuwa uwanjani nyuma ya karakana, mistari minne, akina mama katika vitenge vya chama, wanaume katika abacost, na kada mwenye filimbi mbele yao. Katibu wa Shefu Kabamba alikuwa mstari wa pili. Nikamsogelea.

"Citoyenne, ripoti yangu ile ya nguzo, iko wapi?"

Hakugeuka. Alitabasamu kuelekea mbele na kusema kwa pembe ya mdomo. "Cheza. Unaona banatuangalia."

"Citoyenne, ni jambo la hatari."

"Cheza kwanza, njo nitakujibu."

Basi nikacheza. Kulia mbili, kushoto mbili, mikono juu. Nikarudia swali langu nikiwa mikono juu.

"Ripoti iko mu tiroir ya meza yangu," akasema. "Nilipiga muhuri ya kuingia, njo ile tu. Nani atasoma? Tangu juma ile ingine tuko paka hapa tu, kucheza. Hata Shefu hajaiona."

"Hakuna aliyeingia kwenye chumba?"

"Kule chini banafanya kazi ya zamani tu. Bantu ya kupanua chumba, unabaona pale. Beko mustari wa ine."

Nikageuka. Wanaume sita wenye mabega mapana walikuwa wakitikisa viuno kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Wanangu, sikuwahi kuipenda animation, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Lakini pale nilicheza kwa moyo wote. Yule kada mwenye filimbi alininyooshea kidole, akawaambia wengine waige bidii ya mwenzao.

Nilitaka kuichukua ripoti na kuondoka. Katibu akakataa. Karatasi ikishapigwa muhuri wa kuingia haitoki bila mkuu. Ikabidi nimngoje Shefu Kabamba, aliyekuja akijifuta jasho kwa leso, mtu mnene aliyechoshwa na kuruka. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Akajifuta shingo. "Ungeweza kunyamaza. Ungebadilisha karatasi, mi singejua."

"Wangejua walio chini."

"Ni vile." Akakunja leso. "Fanya tena. Kama mupaka Ijumaa hauna kitu, mi siko na kitu ya kusaini. Na nguzo inabakia vile iko."

Mama Ngalula alinifungulia nafasi kwenye mashine siku iliyofuata, bila kuuliza kwa nini, ila aliuliza kama safari hii nina katoni nyingine. Nilikuwa nayo. Nikageuza alama ya uzito, kadi moja tu, uzito ukashuka chini kama Mungu alivyoupanga. Mashine ikatoa majibu. Mlima sasa ulishuka vizuri. Lakini nguzo, nikiisoma kama tunavyosoma mgodini, ilikuwa inavutwa. Inachanika. Na dari, ambayo ndiyo inapaswa kuvutwa, ilikuwa inabanwa.

Mtu mwenye akili angecheka. Mlima umekaa juu ya nguzo, utaivutaje? Mimi sikucheka. Nilitembea kwa miguu kutoka chumba cha mashine hadi Kamalondo nikiamini udaktari umekufa na mimi sifai hata kufundisha watoto kujumlisha. Nilipita kwa mafundi cherehani wa barabara yetu bila kuwasalimia, jambo lililofika masikioni mwa mama yangu kabla sijafika mimi.

Asubuhi, nikiwa nimekaa mbele ya nyumba, jirani alikuwa akijenga ukuta. Alibandika tofali, akalibonyeza kwa kiganja. Nikajiuliza: lile tofali moja, mashine ingelisemaje? Jibu lake nalijua bila mashine. Linabanwa. Nikakimbia kwa Mama Ngalula na karatasi moja kiganjani, hesabu ya kadi chache tu.

"Leo ni tofali moja tu, Mama."

"Umeacha mulima?"

"Nimeuacha kidogo."

Mashine ikajibu kwa kitambo kifupi. Tofali linalobonyezwa ikaliandikia alama ya kutoa. Nikakaa chini sakafuni, pale pale katikati ya akina mama. Kumbe aliyeitunga programu ile alifuata vitabu: kuvutwa ni kujumlisha, kubanwa ni kutoa. Sisi wa mgodini tunafanya kinyume, maana mwamba kazi yake ni kubanwa, na hakuna mtu anayependa kuandika alama ya kutoa siku nzima. Nami niliyasoma majibu kimgodi, mara ya kwanza na mara ya pili.

Basi mfuateni mzee wenu polepole. Mara ya kwanza nilikuwa na makosa mawili: uzito kichwa chini, na usomaji kichwa chini. Mtu akigeuka nyuma mara mbili anaangalia mbele. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa sahihi, kila namba. Nilipolisahihisha kosa moja ndipo nilipoiharibu. Nililisoma jibu la pili upya, kwa alama za kitabu, nikalilinganisha na ripoti mstari kwa mstari. Vilikuwa kitu kimoja. Nilicheka mpaka machozi, na Mama Ngalula akanipa maji ya kunywa akisema wasomi wanachoka vibaya.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, ninyi wenye picha za nyekundu na buluu kwenye skrini. Kabla hujaiuliza mashine jambo usilolijua, iulize jambo unalolijua. Tofali moja. Fimbo moja inayovutwa. Ni kazi ya asubuhi moja, na mimi sikuifanya kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwa daktari. Na misogeo iangalieni kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mlima ukipanda mtauona.

Alhamisi nilimwendea Profesa Mwepu, nikamwambia makosa yote mawili. Aliitoa chaki mfukoni, akaichezea, akairudisha.

"Kwa hiyo jibu ni ya kweli, lakini weye haukuwa wa kweli."

"Ndiyo, Profesa."

"Mi sitakaa chini ya hii dari yako. Kwa hiyo haiko miye wa kusema. Enda kwa mwenye bantu, kule mugodini."

Ijumaa asubuhi nikawa tena mgodini. Ngoma zilikuwa zimekwisha, mkubwa alikuwa ameshapita kwa gari bila kushuka. Shefu Kabamba alisoma ripoti, kurasa zote, na maelezo yangu ya makosa mawili na tofali moja. Kisha akanitupia kofia ya chuma na buti zilizonizidi.

"Tunashuka. Leo banaanza kupunguza nguzo, kidogo. Utasimama na siye."

Katika lifti ya mgodi, gizani, nilirudia hesabu ya tofali kichwani tangu juu hadi chini. Niliirudia mara tatu. Ninawaambia kweli, niliogopa. Wale wanaume sita walikuwa nami, wale wa mstari wa nne. Mmoja alinitambua. "Huyu njo ule alikuwa anacheza muzuri," akawaambia wenzake.

Walilipua sehemu ndogo ya nguzo sisi tukiwa mbali, tukangoja vumbi litulie na hewa isafishwe. Kapita, msimamizi wa zamu, akatangulia kugonga dari kwa chuma kirefu, akaangusha vipande vilivyolegea. Kisha Shefu akaingia chumbani, nami nyuma yake, hadi katikati, pale ambapo namba zangu zilisema dari inavutwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Akasimama. Nikasimama. Niliiangalia dari kwa taa ya kofia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mawe, si vipande vya pembe tatu. Tulikaa pale, sijui muda gani. Maji yalidondoka mahali fulani. Dari haikufanya kitu chochote, na sijawahi kupenda kitu kisichofanya chochote kama nilivyoipenda ile dari.

Shefu Kabamba akapiga goti moja, akaiweka ripoti juu ya goti lingine, akatia saini pale pale, kalamu ikikwaruza vumbi. Akanipa.

"Sasa enda kuwa docteur," akasema. "Lakini toka kwanza. Bantu banataka kutumika kazi."